Mtori siku ya tano baada ya kupunguzwa tumbo? Bado

Pole na upasuaji, mdogo wangu. Unauliza kama unaweza kula mtori siku ya tano tangu upunguzwe tumbo (mfuko wa chakula wenyewe, si mafuta ya nje), maana mama mkwe anasema utakufa njaa. Bado. Mshono wa ndani ni mbichi. Kwa sasa ni vya kunywa tu: supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Mtori utafika zamu ya vyakula vilivyopondwa, daktari wako akiruhusu.

Kazi kubwa ni maji. Mimi niliweka chupa ya lita 1.5 kando ya kitanda nikawa napiga funda dogo dogo kutwa nzima. Ukigugumia, kifua kinabana hadi machozi (nilijaribu mara moja tu). Soda sahau.

Tembea humo humo ndani mara kwa mara, damu isigande miguuni. Maumivu yakizidi, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Zinaleta vidonda vya tumbo. Mpigie daktari.

Homa, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika au mguu mmoja kuvimba: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, usingoje tarehe ya kliniki.

Mama mkwe mpe kazi ya kuchuja supu, atatulia.