Re: Sculptor siioni kabisa, nakosea wapi?

Habari mkuu. Umesema uko Sinza, una binokyula ya 10x50, na Sculptor (kundi la nyota la anga la kusini, jina maana yake mchongaji) huioni. Cheki kwanza taa, maana nyota yake inayong'aa kuliko zote ina mag (kipimo cha mwangaza, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu) 4.3 tu, hapo mtaani inamezwa. Sogea Kigamboni, mbele huko Kimbiji, siku hakuna mwezi.

Halafu achana na umbo, hakuna mchongaji wa kumuona pale. Ni yule mwanaastronomia Mfaransa Lacaille, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema 1751-52 alijaza sehemu tupu za anga la kusini kwa vifaa vya kazi, hii akaiita karakana ya mchongaji.

Mimi huwa naanzia nyota ya Diphda. Mwezi wa 11 mwanzoni, saa tatu usiku, lala kwenye mkeka miguu kusini, iko karibu na utosi (ile inayong'aa zaidi kusini-magharibi ni Fomalhaut, usichanganye). Shuka kusini pungufu kidogo ya ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, utakuta kijiwingu kirefu chembamba kimelala mshazari, ndiyo NGC 253, galaksi aliyoigundua Caroline Herschel 1783, miaka ya nuru kama milioni 11. Ukishaipata usiondoe macho, kusini-mashariki kidogo kuna NGC 288, kishada cha nyota cha duara, hafifu zaidi.