Paspoti imerudi haina muhuri, nitathibitishaje nilitoka?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nipo Tanga, nimerudi juzi kutoka Ujerumani, nilienda kumwona mdogo wangu kajifungua. Safari ya kwanza, 2019, waligonga muhuri kuingia na kutoka. Safari hii nimeambiwa nitazame kamera, nikaweka vidole kwenye kioo, haya mama pita, na kutoka hivyohivyo. Paspoti nimeipekua kurasa zote, mihuri ya huku kwetu tu ndo ipo. Mwakani nataka kurudi, nikiulizwa nilitoka lini nitaonyesha nini? Mume wangu anasema nimepitishwa dirisha la uongo.

JIBU: Hongera ya mtoto dada, na shemeji mwambie atulie. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi 29 za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo) zimeanza mfumo wa kompyuta unaitwa EES, umeingizwa mpaka mmoja baada ya mwingine, na ndo unachukua nafasi ya muhuri. Picha ya uso wako, namba ya paspoti, tarehe na mahali ulipoingia na kutoka, vyote vimo humo na vinakaa miaka 3. Vidole walikuwa navyo tangu ulipoomba viza, pale walihakikisha tu kuwa ni wewe. Ukiomba viza tena wanaoishughulikia wanaweza kuiangalia rekodi hiyo, kwa hiyo huhitaji muhuri kuwaonyesha.

Ila kaa chonjo kwenye hesabu ya siku, maana zamani muhuri ukififia afisa anakodoa macho weee mwisho anakuachia, sasa mashine inahesabu yenyewe na haina huruma, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka pia, hata ukitua saa tano usiku hiyo ni siku nzima imeliwa. Na watu wanajidanganya na zile siku 90 za kukaa ndani ya kila siku 180. Hicho ni kikomo cha juu tu, kibandiko cha viza kikiandika siku 30 basi zako ni hizo 30.

Boding pasi ya kurudi usiitupe, hata kama imeshakunjamana chini ya mkoba na risiti za nepi. Mitambo nayo hukosea, na kutoka kwako kusipoandikwa utaonekana bado uko Ulaya na rekodi hiyo inakaa miaka 5. Una haki ya kuomba isahihishwe, ila hapo utatakiwa uwe na cha kuonyesha.

Ukipitia Uingereza au Ireland, hao hawamo kwenye mfumo huu.