Kilo mbili za sukari na kura ya mama mkwe

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Baba husema enzi za Ujamaa watu walikuwa sawa, ila midomo ilifungwa. Leo tunasema tutakalo, lakini uchaguzi ukifika anashinda mwenye fedha. Mama mkwe wangu amepokea khanga na kilo mbili za sukari kwa mgombea. Dini inakubali mfumo upi? Na vitu hivi vina hukumu gani? (Muulizaji, Tanga)

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Baba yako amesema kweli, nami niliyaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mama alikuwa akinituma na kikapu duka la kaya. Sukari na sabuni zilikuwa za mgao, na majina yetu yalikuwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, na chama kilikuwa kimoja tu. Sasa mwanangu, nani angesimama mkutanoni kumpinga aliyeshika daftari la sukari yake? Mama alisema mengi jikoni, mbele ya balozi aliitikia tu, "Ndiyo, ndugu."

Vyama vingi vikarudi 1992, soko likafunguliwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, neno zuri la kumkirimu mgeni lililobebeshwa uchafu, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha 2006. Sukari ni ileile, imehama mkono tu.

Qur'ani haikutaja ubepari wala ujamaa. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange, akakataa, akitaraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa na mtu dhulma ya damu wala ya mali. Basi mtawala asijifanye mwenye kila kapu. Lakini Suratul Hashr, aya ya 7, inakataza mali izunguke baina ya matajiri peke yao. Na zaka ni haki ya maskini katika mali ya tajiri. Aliyepewa haki yake hadaiwi kura.

Ama khanga na sukari, hiyo ni rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji. Avirudishe kwa aliyempa. Ikishindikana, awape mafukara. Kura ni ushahidi, ampe anayemwona anafaa, na ahadi aliyoitoa kwa ajili ya sukari haimfungi. Zungumza naye kwa adabu, faragha. Na kabla hujamwambia arudishe, mpelekee sukari ya kwako.