RAM na SSD za Hackintosh: soma stika kabla hujatoa hela

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una prosesa ya i5-10400, bodi ya B460 na kadi ya picha ya RX 580, umebakiza RAM na diski tu. Dukani wamekuwekea mezani RAM moja ya GB 16 ya 3200, pamoja na SSD ya NVMe (kadi ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) ya GB 512, Samsung PM981 iliyochomolewa kwenye laptopu, kwa bei ya kutupa. Unataka macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kwenye mashine isiyo ya Apple (ndiyo Hackintosh) ukate video za harusi kwenye Final Cut, na unauliza kama hivi viwili vitaelewana na mfumo.

RAM itaelewana, ingawa hiyo 3200 utalipia kasi usiyoipata. SSD hiyo iache hapohapo mezani.

Mashine yangu ni pacha wa yako, prosesa hiyohiyo na chipset hiyohiyo, niko nayo tangu 2021. Nilichojifunza ni kwamba watu wanahangaika sana kuchagua RAM, ambayo macOS haijali imetoka kiwanda gani, halafu diski wanaokota yoyote, na diski ndiyo mfumo huu unaichagulia kama mgonjwa wa tumbo anavyochagua chakula.

Nianze na RAM, kwa sababu ndiko nilikoumia.

macOS haina orodha ya RAM inazozitaka. BIOS, programu ya bodi inayotangulia kuamka, ndiyo inayoipanga RAM, mfumo unapokea kilichopangwa. Kwa hiyo maswali yako yaelekeze kwa bodi na prosesa. i5-10400 inatambua DDR4 hadi 2666, na B460 hairuhusu kupandisha zaidi ya hapo. Ukichomeka 3200 itashuka yenyewe hadi 2666, haitakulalamikia wala haitakuongezea kitu. Kama 2666 ni nafuu, chukua 2666. Kama bei ni ileile, chukua 3200 ikusubiri siku ukibadili bodi.

Kitu cha pili, na hiki kimewakamata wengi Kariakoo: kuna RAM za seva zinauzwa rahisi sana. Kwa macho ni DDR4 kama nyingine, zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila mashine haiwaki. Soma stika. Utaona maandishi kama PC4-2400T-RA1 au PC4-2666V-UA2. Hiyo herufi baada ya kistari cha pili ndiyo yenye habari: U ni ya desktopu, hiyo ndiyo yako, R ni ya seva, S ni ya laptopu. Muuzaji mwingine hata yeye hajui tofauti, kwa hiyo usimwone tapeli, wewe soma tu.

Tatu, usichukue moja ya 16. Chukua mbili za 8 zinazofanana, ikiwezekana za pakiti moja, uchomeke sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa (kitabu cha bodi kinaziita A2 na B2). Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa chaneli mbili, data inapita kwa upana maradufu.

Sasa kisa changu. Nilianza na GB 8 moja mpya. Mwezi uliofuata nikaongeza nyingine used, kampuni tofauti, chipu tofauti. Windows ikaenda siku mbili bila tatizo. Nikaanzisha usakinishaji wa macOS, ikafika katikati, ikaniambia nakala ya installer imeharibika. Nikaamini. Nikapakua upya, na hapo unazungumzia kama GB 12, nikisubiri bando la usiku. Ujumbe uleule. Nikabadilisha flashi. Nikarudi kwenye config.plist, faili la mipangilio la OpenCore (programu inayowasha macOS kwenye PC), nikaikagua mstari kwa mstari, nikabadilisha hata vitu vilivyokuwa sahihi. Mara ya tatu installer ikagoma tena, mimi nikagoma kula.

Jamaa mmoja akaniambia niache yote, niweke Memtest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi niilaze mashine nayo. Haikufika nusu saa, mistari myekundu imejaa kioo. Ile RAM used ilikuwa na eneo bovu. Installer ya macOS hukagua mafaili yake kabla ya kuyatumia, na inapoyasoma kupitia RAM mbovu yanaonekana yameharibika wakati kwenye flashi ni mazima. Windows ilikuwa haijakanyaga eneo lile, au ilikanyaga ikanyamaza. Tangu siku hiyo RAM yoyote ikiingia kwangu inapita Memtest86 raundi zote nne kwanza, hata ikitoka dukani na nailoni yake. Tena nakushauri umwambie muuzaji mapema: nikipata kosa narudisha.

Kiasi? Kwa 1080p, 16 inakutosha. Ukikata 4K ya kamera mbili tatu huku Chrome iko wazi, 32. Usiogope ukiona Activity Monitor inaonyesha RAM imejaa, macOS hujaza RAM kwa makusudi, na tangu toleo la Mavericks la 2013 inabana kumbukumbu kabla ya kukimbilia diski. Angalia grafu ya Memory Pressure. Ikiwa kijani, hela yako ya RAM nyingine weka kwenye lenzi. Ikikaa njano na nyekundu, hapo mfumo unaandika kwenye SSD mfululizo, unaichosha na wewe unasubiri.

Kuna mahali pamoja ambapo macOS inahesabu RAM kweli. Ukitumia SMBIOS (utambulisho wa modeli ya Mac unaoupa mfumo) ya MacPro7,1, mfumo unaamini uko kwenye Mac Pro ya 2019 yenye sloti 12, na utakusumbua kila ukiwaka kwamba RAM zimepangwa vibaya. RAM ni nzima, ni onyo tu. RestrictEvents.kext (kext ni kiendelezi cha mfumo, kama draiva) inalizima. Ila kwa prosesa yako tumia iMac20,1, hutakutana nalo.

Haya, diski.

Draiva ya NVMe ya macOS imeandikwa na Apple kwa ajili ya diski za Apple. Tangu High Sierra ya 2017 inapokea za wengine bila kiraka, lakini inapokea kwa masharti yake. PM981 na PM981a ni diski ambazo Samsung huwauzia watengenezaji wa laptopu na desktopu za ofisini. Kwenye Windows hazina kosa. Kwenye macOS zinajulikana kwa kuangusha mfumo, mara katikati ya usakinishaji, mara baada ya wiki ukidhani umepona. Kuna NVMeFix.kext, wapo inaowasaidia, lakini kazi ya harusi ya mtu huiweki juu ya kitu cha "wapo". Weka kwenye orodha hiyo PM991, Micron 2200S, na zile za Intel Optane H10 zinazochanganya aina mbili kwenye kadi moja. Ndizo zinazojaa kwenye mashine used za Dubai na Ulaya, ndiyo maana zinauzwa rahisi mitaani kwetu. Kwa hiyo unapouliza SSD usiulize "GB ngapi" kwanza. Omba kuona stika, piga picha namba ya modeli.

Sasa usije ukatoka hapa unasema Samsung zote mbaya. 970 EVO Plus ilipotoka 2019 ilikuwa inaangusha macOS, wakatoa famwea (programu ya ndani ya diski) 2B2QEXM7, ikatulia. Ukipata ya zamani, isasishe kwanza ukiwa Windows. Lakini kuna jambo la pili: kuanzia Monterey (macOS 12), diski nyingi za kontrola (chipu inayoiendesha diski) za Samsung zinachelewesha buti. APFS, mpangilio wa mafaili wa macOS, inapopanda inafanya TRIM (kuiambia SSD nafasi ipi haitumiki tena) ya nafasi yote iliyo wazi, na kontrola hizo zinaifanya polepole, unaweza kukaa unaangalia nembo ya tofaa dakika nzima au zaidi. Zamani OpenCore ilikuwa na SetApfsTrimTimeout ya kupunguza muda huo. Kuanzia macOS 12 kimebaki kimoja: ukiweka 0 unazima TRIM kabisa, vinginevyo unavumilia. Mimi nisingeizima, SSD bila TRIM inazeeka vibaya. Samsung yako nzuri ipe Windows, macOS ipe nyingine.

Ipi? Mimi nina WD Black SN750, haijawahi kunikatia kazi. SN770 nayo ina sifa nzuri kwa wenzetu. Ila usilipie kasi ya kizazi cha nne: prosesa yako na B460 ni PCIe 3.0, kwa hiyo diski ya 5000 MB/s itakwenda kama 3500. Inatosha sana.

Na kama hela imebana kweli, chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, Crucial MX500 kwa mfano. Wengi wanaidharau. Ni kama 550 MB/s tu, lakini haina mambo ya kontrola, inawaka kwa kila macOS, na video za 1080p inazitembeza bila kukohoa. Ukishasakinisha, fungua Terminal, andika sudo trimforce enable, maana diski za SATA zisizo za Apple haziwashiwi TRIM zenyewe. Za NVMe zinajiwashia.

Diski ya kuzunguka isiwe ya mfumo. Tangu Mojave APFS inawekwa hata huko, na inasambaza taarifa zake vipande vipande mpaka sindano inakimbia kutwa nzima. Weka hapo Time Machine na kazi zilizokwisha lipwa.

Mengine ya haraka. Kwenye BIOS, namna ya kuunganisha diski iwe AHCI, RST na RAID zizimwe, la sivyo installer haitaona diski hata moja utadhani imekufa. Angalia kitabu cha bodi: ukichomeka SSD kwenye sloti fulani ya M.2 (ndiko NVMe inakokaa), mlango mmoja au miwili ya SATA huzimika. Mimi nilirudisha diski nzima dukani kwa ujinga huo, fundi akaichomeka mbele yangu ikawaka, nikaomba radhi. macOS na Windows zisilale diski moja ukiweza. Windows ikitangulia hutengeneza EFI (kipande cha diski cha kuwashia mfumo) ya MB 100, macOS inataka 200, na kuipanua baadaye ni kazi ya kukesha.

Ukiwa na RAM 32 na SSD ndogo, kumbuka pia faili la sleepimage: mfumo unaweza kutenga nafasi kubwa ya diski kwa ajili ya kuhifadhi RAM ukilala. Desktopu haina betri ya kuisha, weka sudo pmset -a hibernatemode 0 kisha ufute faili lenyewe kwenye /private/var/vm.

Na SSD mpya ya bei ya ajabu, TB 2 kwa bei ya GB 500, ipime kwa f3, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla kurasa za udhamini hazijapotea. f3write inaijaza, f3read inasoma kilichobaki. Ikiwa ya kuchezewa, utaona data imeishia GB chache za mwanzo.

Bajeti: usimwage yote hapa. Juni 2025 Apple wametangaza kwamba Tahoe ndiyo macOS ya mwisho kwa prosesa za Intel, kama yako. Mimi bado niko Sequoia na kazi zinatoka. Na leseni yao inaruhusu kompyuta za Apple tu, hivyo ukikwama usitegemee wakusaidie, utarudi hapahapa kwetu. Nunua vitu ambavyo kesho vitahamia mashine ya Windows bila hasara: RAM mbili za 8, NVMe ya GB 500 au TB 1, basi.

Rudi dukani uulize wana NVMe gani nyingine. Piga picha stika, pande zote mbili, uweke hapa kabla hujalipa. Niko online mpaka saa nne usiku.