Maswali ya Wasomaji: Makombora yakiuzwa kwa nchi mshirika, Bunge hukagua nini?

Mwezi Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu aliye nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Barua za safari hii zote zahusu jambo hilo.

*Ndugu mhariri, salaam. Nasikia kwa vile sisi sasa ni mshirika mkuu, Kenya ikitaka kununua makombora Marekani, Bunge lao lina siku 15 tu za kupinga. Ni kweli? Na wakipinga, mauzo yanakufa? – Msomaji, Likoni*

Si kweli, ndugu yetu. Siku 15 ni za wanachama wa NATO na nchi tano zilizotajwa ndani ya sheria: Japani, Australia, Korea Kusini, Israeli na New Zealand. Hadhi ya Kenya ni nyingine. Inatupa nafasi nzuri ya kupata vifaa vya ziada ambavyo jeshi la Marekani halivihitaji tena, lakini haituingizi katika orodha hiyo, wala si ahadi ya kutulinda tukishambuliwa. Hesabu yetu ni siku 30 za kalenda, wikendi zikiwemo, tangu siku taarifa rasmi inapofika bungeni.

Taarifa yenyewe inatakiwa na kifungu cha 36(b) cha sheria ya 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje. Kwa nchi kama yetu, serikali ya Marekani lazima ilijulishe Bunge ikiwa silaha kubwa zinafikia dola milioni 14, au mkataba mzima wa silaha na huduma unafikia dola milioni 50. Kwa wale wa NATO na wenzao watano viwango ni milioni 25 na milioni 100. Aprili 2025 Rais Trump aliagiza viandaliwe viwango vya juu zaidi vipelekwe bungeni, kwa hiyo kabla ya kunukuu tarakimu hizi, fungua toleo jipya la sheria. Mauzo yaliyo chini ya kiwango hayaji bungeni kwa njia hii kabisa, na hapo ndipo pengo lilipo.

Swali lako la pili: wakipinga? Hadi 1983 mabaraza mawili yangeweza kuzuia mauzo bila sahihi ya rais. Mwaka huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha, ikasema Bunge haliwezi kutengua uamuzi wa serikali bila kupitia kwa rais. Tangu hapo azimio la pamoja la kupinga likipita pande zote mbili, rais analikataa kwa kura ya turufu, na kumshinda kunahitaji theluthi mbili katika kila baraza. Azimio la namna hii halijawahi kufanikiwa kuzuia mauzo hata mara moja.

Mara moja lilikaribia sana. Mwaka 1986 Rais Reagan alitaka kuiuzia Saudia makombora ya Sidewinder, Harpoon na Stinger. Mabaraza yote mawili yalipinga kwa kura nyingi. Akatumia kura ya turufu, lakini akawa ameshayatoa Stinger, kombora la kurushwa begani ambalo wabunge waliogopa litaangukia mikononi mwa magaidi. Tarehe 5 Juni maseneta 66 walisimama dhidi yake na 34 upande wake. Zilihitajika 67. Mauzo yakapita, ila Stinger hazikuwemo, na kwetu sisi huo ni ushindi wa wabunge hata kama kwenye daftari umeandikwa kushindwa.

Ipo pia njia ya rais kukwepa siku zote hizo: kutangaza dharura. Mei 2019 serikali ya Trump ilifanya hivyo kwa taarifa 22 za silaha za Saudia, Falme za Kiarabu na Jordan, zenye thamani ya takriban dola bilioni 8.1.

*Basi kama kura haizuii, mbona twasikia seneta mmoja ameshikilia silaha za nchi nzima? – Msomaji, Kisauni*

Kwa sababu kazi yenyewe hufanyika kabla ya taarifa rasmi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hupeleka rasimu kwa watu wanne: mwenyekiti na kiongozi wa chama cha wachache katika kamati ya mambo ya nje ya kila baraza. Hao huuliza maswali, huomba maelezo ya siri, na mmoja wao akisema "bado," kwa desturi rasimu hukaa. Hakuna sheria inayoilazimu serikali kumsubiri. Ni mazoea tu, na serikali ikitaka kuyavunja inaweza.

Uturuki ni mwanachama wa NATO, na kwenye karatasi siku zake ni 15. Hata hivyo ndege zake za F-16 pamoja na makombora yake zilikwama kwa seneta Menendez, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Taarifa rasmi ilitoka Januari 2024, mara tu Uturuki ilipoidhinisha Sweden kuingia NATO. Anayehesabu siku 15 hawezi kuelewa ucheleweshaji huo ulitoka wapi.

*Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Tononoka. Taarifa hizi raia anaweza kuzisoma? Na Bunge letu je?*

Anaweza, dada au kaka. Huchapishwa kwenye tovuti ya idara ya Pentagon inayosimamia mauzo hayo, DSCA, kisha katika Federal Register, gazeti rasmi lao. Ile ya gazeti rasmi ina nambari juu na vipengele vinane: mnunuzi, thamani, maelezo na idadi, jeshi linalohusika, mikataba iliyotangulia, kamisheni ya wakala, unyeti wa teknolojia, na tarehe ilipofikishwa bungeni. Thamani hugawanywa mara mbili, silaha kubwa na mengineyo. Tarakimu ile ni kikomo cha juu, si bei. Wengi hukosea hapo.

Januari 2017, kwa mfano, ilitoka taarifa ya Kenya: hadi ndege 12 za Air Tractor AT-802L, pamoja na nyingine mbili za mafunzo na silaha zake, kwa dola milioni 418. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, alidai uchunguzi kwa sababu kampuni ya huko kwao ilidai inauza kwa bei nafuu. Maswali kuhusu pesa za Mkenya yakaanzia bungeni kwa wenyewe.

Sheria zetu hazina kitu kama 36(b). Kifungu cha 90 cha sheria ya ununuzi ya 2015 kinaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha ya siri ya manunuzi. Tulicho nacho ni bajeti, kamati ya Bunge la Taifa ya ulinzi, ujasusi na mahusiano ya kigeni, na Mkaguzi Mkuu, ambaye Katiba, kifungu cha 229, inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti. Yaani pesa hukaguliwa zikishatoka. Tunaliona hilo ni kasoro kubwa.

Ushauri wetu: ukiona taarifa ya Kenya huko, chukua nambari yake na tarehe, uiandikie kamati yetu kabla siku 30 hazijaisha. Usiulize mahali silaha zitakapowekwa. Utajibiwa ni usalama wa taifa na barua itafungwa. Uliza vitu vitatu: fedha zimetengwa katika fungu gani la bajeti, matengenezo na vipuri vimo ndani ya bei au vitakuja baadaye, na kama kipengele cha sita kinataja wakala. Nakala ipeleke Wizara yetu ya Ulinzi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nao wana siku 21 za kukujibu.