Kuwaomba marafiki wawasaidie kumchagulia mtoto jina: muulize nani, nini na lini

Wazazi wengi wakitaka msaada wa jina hutuma orodha kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza, "Mnapenda lipi?" Saa moja baadaye kuna majibu kibao, vicheko, mabishano ya watu wawili kuhusu jina ambalo hata halikuwemo kwenye orodha, na wazazi hawajajua chochote kipya. Kulipenda jina ni kazi yenu wazazi. Rafiki ana kitu ambacho ninyi mmeshakipoteza, yaani sikio ambalo bado halijalizoea jina hilo. Ninyi mmelitamka mara nyingi mno, usiku na mchana, kiasi kwamba hamwezi tena kusikia kama linateleza, linachanganya au linafanana na neno jingine. Sikio hilo ndilo mnaloliazima, kwa hiyo maswali yenu yalenge huko.

Malizeni ya kwenu kwanza

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, kaeni wawili. Kila mmoja aandike majina kumi kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake, kisha mbadilishane karatasi. Kila mmoja ana haki ya kufuta jina lolote la mwenzake bila kudaiwa sababu, maana sababu nyingine hazisemeki: mpenzi wa zamani, mwalimu aliyemtesa, ndugu aliyewadhulumu wazazi wake. Jina likishafutwa halirudi tena. Utaratibu huu ni mkali kidogo, lakini unaziba mlango wa ugomvi mmoja mbaya sana, pale mzazi mmoja anapokimbilia kwa marafiki kutafuta wa kumuunga mkono, kisha anarudi nyumbani na "hata wenzangu wote wanasema ni zuri." Hapo mazungumzo ya jina yameshakuwa vita, na marafiki wamevutwa upande mmoja bila kujua.

Andikeni pia mipaka yenu: jina la ukoo litakalofuata, jina la ndugu ambalo ni lazima liingie, dini, lugha ambazo mtoto atazungumza na majina ya ndugu zake waliomtangulia. Na kama moyoni mmeshaamua, msiulize. Rafiki akigundua kwamba aliulizwa kwa ajili ya kupiga makofi tu, siku nyingine hatasema la moyoni.

Kuhusu muda, mimba huhesabiwa wiki 40, lakini kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuzaliwa akiwa ametimia. Anzeni kuuliza karibu na wiki ya 24 na mfunge maswali wiki ya 35. Mkianza mapema zaidi, marafiki watachoka na ninyi mtabadilisha mawazo mara tatu. Mkichelewa, mtakuwa mnajibu meseji za majina huku uchungu umeanza.

Watu wa kuulizwa

Watano hadi saba wanatosha. Wakizidi hapo, majibu huanza kujirudia na siri huanza kuvuja. Tafuteni watu wanaotofautiana: mmoja anayefanya kazi na watoto, kwa sababu anajua watoto wanavyoyakata majina na kuyageuza, mmoja anayezungumza lugha ambayo ninyi hamuijui, mmoja mwenye umri wa kuwazaa ninyi, mmoja ambaye huwa hakubaliani nanyi kirahisi. Marafiki wa rika moja, wa kazi moja, waliosoma pamoja, watawapa jibu moja mara saba.

Kuna watu wawili wa kuwafikiria kwa uangalifu zaidi. Wa kwanza ni rafiki ambaye naye ni mjamzito. Orodha zenu zinaweza kugongana, na hakuna mwenye hatimiliki ya jina. Msimtumie orodha. Mwulizeni kwanza kama angependa mzungumzie majina au kila mmoja abaki na yake. Wa pili ni rafiki aliyepoteza mimba au mtoto. Huenda jina mlilonalo ndilo alilokuwa amemwekea mtoto wake, na hajawahi kumwambia mtu. Huyo asikutane na orodha ghafla kwenye simu akiwa kazini. Mkimhitaji, zungumzeni naye ana kwa ana, mkimwachia nafasi ya kusema hapana.

Mkiomba mapendekezo

Kuomba majina mapya na kuyapima mliyonayo ni kazi mbili, na zikichanganywa zote mbili huharibika. Mkitaka mapendekezo, msioneshe orodha yenu kabisa. Mtu akishaona "Imani, Neema, Rehema" mbele yake, kichwa chake hakitoki tena kwenye mtaa huo. Atawaletea Zawadi na Baraka, basi.

Mwandikieni kila mmoja peke yake, nje ya kundi. Kwenye kundi, jina la kwanza kutajwa huwavuta wote wanaofuata, mwenye sauti kubwa humnyamazisha mpole, na yule ambaye angeleta jina zuri kuliko yote hubaki kutuma vidole gumba. Ujumbe unaofaa huwa na mambo manne: mipaka yenu, idadi, tarehe na ahadi. Kwa mfano: "Tunatafuta jina la mtoto wa kike litakalokaa mbele ya jina la ukoo Ali. Dada yake anaitwa Zainab. Tunapenda majina mafupi, ya silabi mbili au tatu. Tuletee matatu na sababu moja kwa kila jina, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Huenda tusilitumie hata moja, lakini tutayasoma yote."

Sentensi ya mwisho msiiache. Inamwondolea rafiki matumaini ya kuwa yeye ndiye atakayempa mtoto jina, na matumaini hayo yakikaa muda mrefu huzaa kinyongo. Sababu nayo idaiwe, kwa kuwa mara nyingi sababu huwafaa kuliko jina lenyewe. Mtu akisema "nimechagua hili kwa sababu halikatiki," amewakumbusha kipimo ambacho hamkuwa mmekifikiria.

Mkipima mliyonayo

Hapa ndipo marafiki wanapoleta faida kubwa, na ndipo wengi hawafiki. Punguzeni orodha ibaki na majina matano au pungufu. Mpangieni kila rafiki kwa mpangilio tofauti, kwa sababu jina la kwanza na la mwisho hukumbukwa kuliko ya katikati. Msiseme lipi mnalipenda, wala msilionyeshe kwa kulieleza kwa maneno mengi kuliko mengine.

Kipimo cha kwanza ni cha sauti. Mtumieni rafiki ujumbe wa sauti wenye jina kamili pamoja na la ukoo, kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayejitambulisha kwenye simu. Mwambieni aliandike alivyolisikia, mara moja, bila kuuliza. Mtashangaa. Khadija atarudi Khadija, Hadija, Khadijah na Hadijah. Mohamed ana tahajia zaidi ya nne. Catherine anaweza kuanza kwa C au K. Kwa marafiki waliobaki, geuzeni kazi: watumieni jina kwa maandishi, walisome kwa sauti na kuwarekodia. Wakilisoma kwa namna mbili au tatu tofauti, mtoto atakuwa mtu wa kusahihisha watu maisha yake yote. Hiyo si lazima iwe sababu ya kuliacha jina, lakini ni vyema mjue mapema, na ikiwezekana mchague tahajia ambayo wengi waliiandika wenyewe.

Sikilizeni hizo rekodi kwa makini hasa pale jina la kwanza linapokutana na la ukoo. Jina linaloishia na irabu likifuatwa na la ukoo linaloanza na irabu ileile, mawili humezana: Asha Ali likisemwa haraka husikika Ashali, na Fatma Abdi huwa Fatmabdi. Mtu aliyelizoea jina hatalisikia hilo, atasikia majina mawili aliyoyakusudia. Rafiki ndiye atakayeuliza, "Ashali nani?" Tatizo kama hilo lipo kwa ndugu: majina yanayoanza kwa silabi moja, kama Zainab na Zaituni, huchanganywa kila siku na wazazi wenyewe, na kwa mbali hata watoto hawajui nani ameitwa.

Baada ya sauti, waulizeni maswali matatu tu. Ni nani wa kwanza anayekujia akilini ukilisikia jina hili? Watoto shuleni wangelikata vipi, au wangelitania vipi? Ukiliona kwenye barua bila picha, ungedhani ni mwanamke au mwanamume? La tatu lina uzito kwa familia inayoishi kati ya lugha mbalimbali. Andrea ni mwanamume Italia na ni mwanamke katika nchi nyingi nyingine. Jean ni mwanamume Ufaransa, na kwa Kiingereza mara nyingi ni mwanamke. Rafiki mwenye lugha nyingine mwulizeni pia kama jina hilo, au sehemu yake, lina maana ya aibu kwao. Ni swali la dakika moja.

Usitumiwe upigaji kura. Kura hueleza idadi na huficha sababu, na ikishapigwa hadharani wapigaji hutaka mshindi aheshimiwe.

Kuyasoma majibu

Tenganisheni taarifa na ladha. "Nililiandika kwa K" ni taarifa. "Lina sauti ya kizee" ni ladha. Taarifa kutoka kwa watu wawili wasiojuana ichukulieni kwa uzito, hata kama haiwafurahishi. Ladha ya mtu mmoja iwekeni pembeni. Ladha ileile ikitoka kwa wanne kati ya saba, basi jina lina mzigo ambao mtoto ataubeba, na kazi yenu ni kuamua kama mko tayari aubebe. Kumbukumbu ya mtu mmoja ("nilisoma na mtu wa jina hilo, alikuwa mkorofi") itakufa baada ya miezi michache tangu amjue mtoto wenu. Sura mpya hufuta ile ya zamani.

"Ni zuri" si jibu. Ongezeni swali: "Ungemwita mwanao hivyo?" Kusita kwake ndiko kutakakowaambia.

Kuna mizigo ambayo hakuna rafiki atakayeitabiri. Alexa lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa Marekani hadi 2015. Amazon walikuwa wameshaanza kuuza spika inayoitikia jina hilo mwishoni mwa 2014, na miaka iliyofuata wazazi wakalikimbia. Msijilaumu kwa yasiyoonekana, na msiwadai marafiki wayaone.

Karatasi

Rafiki mmoja mwenye macho makali apewe kazi ya kukagua maandishi. Kwenye pasipoti, sehemu inayosomwa na mashine ina mistari miwili ya herufi 44, na nafasi ya majina ni 39 tu, ikiwemo jina la ukoo na alama za kutenganisha. Majina manne marefu hukatwa. Alama za juu ya herufi haziingii hapo, na ritifaa kama ile ya Ng'ang'a huondolewa. Andikeni jina kamili, hesabuni herufi, kisha andikeni herufi za mwanzo pekee mkaone zinaunda neno gani.

Muda wa kusajili hutofautiana sana, kwa hiyo jueni wa mahali mlipo kabla ya kumwambia yeyote "tutaamua akizaliwa." England na Wales ni siku 42, Scotland ni siku 21, na Ufaransa ni siku 5 kwa kawaida. Baadhi ya nchi hukataa majina fulani: New Zealand, kwa mfano, haikubali bila sababu ya msingi jina linalofanana na cheo rasmi, na wenye kutaka King huambulia barua. Fomu ya usajili isisainiwe na mzazi aliyekesha kabla haijasomwa herufi kwa herufi na mtu aliyelala.

Kufunga mazungumzo

Ikifika wiki ya 35, waandikieni wote walioulizwa kwamba maswali yamekwisha, na kwamba jina litatajwa mtoto akizaliwa. Wasipoambiwa wataendelea kuleta mapya, na moja kati ya hayo litawayumbisha wiki ya 39. Bakini na majina mawili, kwa sababu wazazi wengine humwona mtoto wakajua palepale kwamba lile la kwanza si lake.

Mtoto akishazaliwa, wale watano hadi saba wapate habari kabla ya kundi kubwa, angalau kwa nusu saa. Ambaye pendekezo lake halikuchukuliwa aambiwe hasa alichosaidia: tahajia, kifupisho, onyo la silabi. Ujumbe wa tangazo uwe na jina kamili kwa maandishi, na chini yake rekodi fupi ya sauti ya mmoja wenu akilitamka, ili kadi ziandikwe sawasawa na simu za pongezi zimtaje mtoto kwa jina lake.