Dawa Inapopunguza Damu: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Shikamoo. Nameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Nimepimwa, damu ni 8.6. Magoti na damu vina uhusiano gani? (Bibi, Makorora)

Marahaba, mama. Tatizo huenda si magoti, bali hiyo dawa. Diklofenaki, sawa na aspirini na ibuprofeni, hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Kidonda huvuja damu kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, na wewe ulitakiwa uwe na 12 au zaidi. Acha diklofenaki, umuone daktari wiki hii. Choo kikiwa cheusi, kinanata kama lami na kunuka vibaya, nenda hospitali ya Bombo leo leo. Lakini kama uliandikiwa aspirini ndogo ya moyo, usiiache kabla ya kumuuliza aliyekuandikia.

FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, nazo zinatoa choo cheusi. Nitajuaje? (Pangani)

Kweli, madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakina ile harufu. Ukiona shaka, pimwa. Usizimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza saa moja kabla ya kula, kwa maji ya chungwa, na Muheza kwenye machungwa hamko mbali. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nayo hupunguza chuma kinachofyonzwa.

Mwanangu wa kiume alipewa nitrofurantoini ya mkojo. Siku ya pili mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho manjano. (Mama, Chumbageni)

Mrudishe hospitali sasa hivi, na pakiti ya dawa mkononi. Inawezekana ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si haba huku pwani kwenye malaria. Wavulana huupata kutoka kwa mama. Chembe nyekundu zake hupasuka zikikutana na dawa kama hiyo, dapsoni au primakwini. Kipimo cha G6PD kikifanywa wakati huu kinaweza kudanganya, kwa sababu chembe dhaifu zimeshapasuka na zilizobaki ni changa. Kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi. Jibu likithibitika, liandikwe kwenye kadi yake, na kila muuza dawa aonyeshwe.

Mume wangu anatumia zidovudini, dawa ya VVU, damu inashuka. Nimpe FEFO? (Muheza)

Zidovudini hubana uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo FEFO peke yake haitaondoa tatizo. Arudi CTC, kliniki ya VVU, apimwe wingi wa damu na abadilishiwe dawa ikibidi. Asiache ARV (dawa za VVU) mwenyewe.